Ledama na Neno "Index"

Ledama hukata nyama katika bucha moja Kitengela. Kila jioni hurudi nyumbani akambeba mwanawe Parsaoti, mwenye miaka mitatu. Siku moja hakumbeba. Alikaa mlangoni akiikunjakunja fomu ya kliniki.

"Niko na TB," alimwambia mkewe, Dinah. "Dawa wamenipa. Lakini wameniandika index! Ati mimi ndio nilileta ugonjwa, na sasa nyinyi wote mpimwe. Hakuna mtoto wangu ataenda kupimwa huko."

Dinah aliogopa. Parsaoti alikuwa amekohoa wiki mbili, na suruali ilikuwa ikimteleza kiunoni. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua. Dinah hakubishana na mumewe. Asubuhi alimleta Aketch, mhudumu wa afya wa mtaa.

"Sopa, Baba Yvonne," Aketch alisalimu kwa Kimaasai.

"Ipa," Ledama alijibu, macho chini.

Aketch alimgeukia Yvonne, binti yao wa kidato cha nne. "Index yako ya mtihani inasema umefeli?"

"Hapana. Inaonyesha tu karatasi ni ya nani."

"Na index iko nyuma ya kitabu?"

"Hiyo inaonyesha kila jambo liko ukurasa gani."

Aketch aliinua kidole cha shahada. "Hata hiki Wazungu wanakiita index. Kazi yake ni kuonyesha. Baba Yvonne, wewe ni mgonjwa tulijua kwanza. Labda si wewe uliugua kwanza. Unatuonyesha tu watu wa kupima: wenye mnalala nao nyumba moja na wenye mnafanya kazi nao."

"Na nikikataa?"

"TB humwangusha mtoto mdogo haraka. Si unamwona Parsaoti?"

Ledama alimwona. Aliona aibu, tena aibu kubwa. Alisimama. "Mama Yvonne, vaa viatu. Tunaenda sisi wote."

Parsaoti alikutwa na TB, akaanza dawa siku hiyo hiyo. Dinah na Yvonne hawakuwa nayo, wakapewa dawa za kuwakinga. Mwezi wa pili Ledama alijisikia nafuu, akataka kuacha vidonge. Dinah alimsimamia na kikombe cha maji mpaka akameza. Ndivyo alivyofanya kila siku mpaka miezi sita ya dawa ikaisha, Ledama na Parsaoti wakapona. Suruali ya Parsaoti sasa inambana.

Juzi mteja mmoja, Dalmas, alikohoa mbele ya bucha.

"Umekohoa siku ngapi?" Ledama aliuliza.

"Wiki tatu. Kwani wewe ni daktari?"

Ledama aliweka kisu chini, akanyoosha kidole upande wa kliniki.

"Hapana. Mimi ni index."