Pembe ya Stana

Siku ya arobaini tangu mzee Vidul azikwe, jua likielekea kuzama, binti yake Stana alikuwa anarudi kutoka makaburini na bakuli la ngano ya kuchemsha. Alikuwa amewagawia majirani kijiko kijiko, kama desturi inavyotaka, na cha mwisho alikila mwenyewe njiani kwa sababu alikuwa na njaa. Tangu alfajiri alikuwa anawapikia watu ambao hata pole hawakumpa.

Akasikia nyundo.

Ko... ko... ko.

Sauti ilitoka nyumbani kwao. Hawakumngoja.

Kaka zake wawili, Minko na Gencho, walikuwa wamekwisha kugawana kila kitu. Mashamba waliyapima kwa kamba. Maksai mmoja akaenda kwa Minko, mwingine kwa Gencho, kana kwamba maksai mmoja peke yake atavuta jembe. Sufuria kubwa ya shaba waliigombania mpaka Gencho akataka ikatwe kwa msumeno. Ilibaki nyumba, nayo wakaamua kuipasua kwa ukuta katikati, huku kwa Minko na kule kwa Gencho.

Na Stana? Baba yao alikuwa amesema mbele ya padri, mara tatu, akiwa na pumzi ya mwisho mwisho, "Chumba cha meko ni cha Stana. Pembe ile msiiguse." Minko alijibu kwamba msichana hupewa sanduku la harusi, hapewi kuta, na kama hakuna aliyemwoa basi kosa si la nyumba. Maneno hayo yalimuuma Stana kuliko msiba wenyewe. Miaka saba alikuwa amemgeuza baba kitandani peke yake. Bila chumba kile angekuwa mtumishi jikoni kwa wifi yake Gana, mke wa Minko, mpaka azeeke.

Aliingia. Vumbi lilikuwa limetanda chumbani, na fundi Kolyo, mwashi mzee kutoka milimani, alikuwa anang'oa jiwe kwenye pembe ya meko ili ukuta mpya upate kushikamana na wa zamani.

"Huyo kafika," Minko alisema. "Karibu, mama mwenye nyumba."

"Baba alisema pembe ile msiiguse."

"Baba alisema mengi. Alisema pia nisioe."

Jiwe likatoka.

Fundi akaingiza mkono shimoni. Akautoa taratibu. Alishika kitu kidogo, kifundo cha uzi wa manyoya ya mbuzi kilichofunikwa kwa nta. Uso wake ukabadilika. Akavua kofia.

"Nyumba hii ilijengwa lini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mwaka aliozaliwa huyu," Gencho akamwonyesha Stana.

"Na mama yenu?"

"Alikufa vuli ile ile," Gencho akajibu. "Siku nyumba ilipopauliwa alikuwa mzima. Alikuwa akiwaletea mafundi chakula asubuhi..." Hakumaliza.

Hakukuwa na haja. Watu wa pande zile wote wanaijua kazi hiyo ya waashi, ingawa hakuna anayekiri kuifanya. Nyumba ya mawe ikikataa kusimama, fundi humvizia mtu apitaye, akapima kivuli chake kwa uzi, akauficha uzi ule ukutani. Ikifika siku ya arobaini, mwenye kivuli anakufa. Anabaki humo, anaishikilia nyumba. Ndiyo maana jioni kila siku mzee Vidul alikuwa akiigusa pembe ile kabla ya kula, na wanawe wakadhani ni ujinga wa uzee.

Kitu kikapita karibu na Stana.

Hakukiona. Alisikia harufu, harufu ya maziwa na mkate wa asubuhi, ikitoka shimoni, ikamgusa shavu, ikaenda mlangoni. Haikusimama. Mtu aliyefungwa miaka thelathini na mitatu haagi mtu.

"Mama," Stana alisema.

Hakuwahi kumwona. Alichojua ni maneno ya watu tu, kwamba amefanana naye hata kutembea. Watoto watatu walikuwa wamekufa kabla yake, na mama akampa yeye jina Stana, yaani abaki. Sasa hapa palikuwa na kipimo cha mama mwenyewe, na moyo ulimjaa mno akashindwa kufikiri. Alimnyang'anya fundi ule uzi, akaukunjua. Jua la jioni lilikuwa linaingia mlangoni nyuma yake, na kivuli chake kilikuwa kimelala sakafuni mpaka pembeni.

"Kaka Gencho, nishikie ncha hii hapa kisiginoni. Nataka nione mama alifika wapi."

Gencho alikuwa na umri wa miaka mitano mama yao alipofariki, naye alikuwa analia. Akapiga magoti, akashika. Stana, amesimama wima, akautupa uzi unyooke juu ya kivuli chake.

Ncha ya pili iliishia kichwani. Sawasawa. Hata unywele haukuzidi.

"Ona," alisema, akicheka huku machozi yakimtoka. "Mimi na yeye ni sawa."

"Binti," fundi Kolyo alinong'ona. "Umefanya nini?"

Hapo ndipo boriti ya paa ilipolia.

Kraa...

Ufa ukatoka juu ya mlango, ukateremka ukutani kwa haraka, ukafika sakafuni. Udongo ukamwagika. Katika chumba cha pili kukasikika kitu kizito kikianguka, na Gana akapiga ukelele.

"Aliyekuwa akiishikilia ametoka," fundi alisema. "Nyumba hii haifiki asubuhi."

"Basi rudisha uzi!" Minko alisema.

"Uzi usio na mtu ni uzi tu." Fundi alimtazama Stana, kisha akatazama chini. "Lakini sasa una mtu."

Stana akaukunja uzi kifuani. "Nauchoma."

"Ukiuchoma, unajichoma mwenyewe."

Minko na Gencho wakatazamana. Siku arobaini walikuwa wamegombana juu ya kila kijiko. Sasa Stana aliona wamekubaliana.

Minko akamsogelea kwa upole, akamshika mkono. "Mdogo wangu, kwa nini tunateseka hivi? Chumba cha meko ni chako. Nani anakunyima?"

"Na shamba la mizabibu la mtoni," Gencho akaongeza bila kumtazama. "Chukua na hilo."

Stana akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Angekataliwa tena angejua yu salama. Alirudi nyuma, akageuka akimbilie mlangoni, lakini Minko alikuwa na nguvu za mkulima. Vidole vya Stana vikafunguliwa kimoja kimoja. Nyuma yake akasikia mwiko wa fundi ukikwangua beseni la chokaa.

Kwaa... kwaa...

Jiwe likarudi mahali pake.

Paa likanyamaza. Fundi Kolyo aliondoka kabla giza halijaingia. Hakunawa, na mwiko wake aliuacha pale pale sakafuni.

Asubuhi Stana alichukua kisu cha mkate, akakichomeka kwenye chokaa mbichi. Maumivu yakamshika chini ya ubavu, mahali pale pale kisu kilipoingia ukutani. Akakitupa. Padri aliitwa, akanyunyiza maji, akaondoka bila kumtazama usoni. Stana alipojaribu kutoka kwenda uani, kivuli chake hakikuvuka kizingiti, na hatua tatu mbele pumzi ikamwishia, ikabidi arudi ndani kwa kutambaa. Kaka zake walimletea kuni wenyewe. Walikuwa wakigonga mlango kwanza.

Usiku hakulala. Alijiuliza kuhusu baba. Je, alimwachia chumba kile kwa kumpenda, au alitaka tu mtu wa kuilinda pembe? Au alijua ukuta ungemtaka nani? Hakupata jibu, na ukuta ulikuwa unapata joto polepole, upande wa ndani.

Nyumba ilitulia. Ufa ukajifunga wenyewe, ukabaki mstari mwembamba.

Siku ya thelathini na tisa tangu jiwe lirudishwe, jioni, Stana alimwona mwanamke amesimama nje ya lango, wa kimo kama chake, amefunga kitambaa cha kizamani. Alikuwa amenyoosha mikono. Stana akanyoosha yake. Hakuna aliyeweza kusogea, na jua lilipozama, langoni hapakuwa na mtu.

Alipogeuka, alimkuta Gana amekaa karibu na meko na sinia mapajani. Anachambua ngano, anatoa mawe, punje moja moja.

"Wifi," Stana alimwuliza, "arobaini ya baba ilishapita. Ngano hiyo ni ya nani?"

Gana hakuinua kichwa.

"Ya kesho, wifi."