Kiranja wa Chuma na Kikwazo cha Nyumba ya Mhandisi

Kwa mkono wa kwanza Kiranja alimvuta mtoto wa jirani kutoka uvunguni mwa kitanda. Kwa wa pili akamnawisha uso. Kwa wa tatu akamtilia uji chupani. Punde mtoto huyo alikuwa akipaa juu ya mapaa ya mtaa wa Iyumbu kuelekea shuleni, amekwapuliwa kama furushi la dobi, huku mama yake akipiga vigelegele barazani.

Mhandisi Elinaja Mfinanga alitazama kwa fahari kutoka dirishani, akiwa bado na pajama. Kiranja alikuwa kazi ya mikono yake. Kifuani mwa mashine hiyo kulikuwa na kinusavikwazo, ubongo wa kioo uliochunguza nyumba, ukabaini kinachomzuia mtoto kuhudhuria masomo, kisha ukakiondoa. Katika familia moja kikwazo kilikuwa jino bovu, likang'olewa. Katika nyingine kilikuwa runinga. Sasa imekaa juu ya mnara wa maji.

Aibu ilikuwa nyumbani kwake. Binti yake Tumsifu alikuwa mtoro sugu, na mwalimu mkuu alikwisha kutamka: akikosa tena, atarudia darasa.

"Leo Kiranja akirudi anaingia hapa kwetu," alimwambia mkewe. "Sisi bwenini, kengele ikilia, tulikuwa tumekwisha kutandika."

"Bweni lote umelihamishia hapa, Baba Tumsifu," Nakijwa alijibu. "Umesahau maharage yenye wadudu tu."

Mhandisi hakumjali. Aliingia chumbani kwa Tumsifu kufanya ukaguzi wake wa kila asubuhi. Binti alikuwa amesimama wima kando ya kitanda, sare mwilini, begi mgongoni.

"Hivi ni viatu au viazi?"

"Viatu, baba. Nimeving'arisha mara mbili."

"Rudia. Na hiyo kona ya shuka, nani kaikunja? Mbuzi?"

"Baba, lango la shule linafungwa."

"Mtu hatoki kwangu akiwa hivyo. Kucha!"

Kengele ya shule ikasikika kwa mbali. Tumsifu akaanza kuvua begi taratibu, bila kuambiwa, kama mtu aliyezoea.

Hapo Kiranja akaingia. Alinusa kitanda, akanusa begi, akamnusa paka. Kisha akasimama mbele ya Mhandisi.

"Kikwazo kimepatikana."

"Kiko wapi?"

"Kimevaa pajama."

"Mashine imeharibika!"

"Haina ubovu wowote," Nakijwa alisema kutoka mlangoni. "Umeiunda vizuri mno. Tumsifu, kimbia!"

"Nishushe!" Mhandisi alifoka, miguu ikining'inia hewani. "Mimi ndiye niliyekuunda!"

"Shikamoo, mzee," alisema Kiranja, akimbeba.

Alimweka juu ya mnara wa maji, kando ya runinga, ndara moja ikiwa imedondoka njiani. Kutoka huko Mhandisi alimwona Tumsifu akitimka barabarani, kamba za viatu zikipeperuka, akateleza chini ya lango lililokuwa likishuka. Hakuwahi kumwona binti yake akikimbia. Siku zote alimwona amesimama wima.

Ndani ya uwanja wa shule Tumsifu aligeuka, akainua macho mnarani, akapunga mkono.

Mhandisi aliinua wake ili ampungie. Aliziona kucha zake, zimejaa kutu ya mnara. Akapunga hivyo hivyo.

"Nikuletee ngazi?" Nakijwa aliita kutoka chini.

"Niletee chai," alijibu. "Na umuulize Kiranja kama kesho atanileta huku mapema, kabla ya ukaguzi."