Mduara Wenye Mshale Uliokosekana

Jamani, mmewahi kuona ndoa yenu ikichorwa ubaoni, darasa zima likitazama?

Mimi yamenikuta!

Masomo ya uzamili, menejimenti, kipindi cha jioni. Mwalimu alitaka kila mtu achore tatizo la kazini kwake ambalo likifukuzwa mlangoni linarudi dirishani. Mishale ionyeshe nini kinazaa nini, mpaka mduara ujifunge.

Akasimama dada mmoja, meneja wa ghala, jirani yangu wa dawati; ghala gani, sikuwahi kumuuliza.

"Nina dereva wa foklifti anang'ang'ania zamu za ziada. Anachoka, anaangusha mizigo. Nikimkanya, kesho anaomba tena."

"Kwa nini?" mwalimu akauliza.

"Anasema nyumbani hakukaliki. Mke ni maswali tu, ulikuwa wapi, ulikuwa na nani..."

Darasa likacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi.

"Utamkuta kajilaza kwenye maboksi, kajifunika koti la bluu lenye kifungo kimoja chekundu," meneja akaendelea.

Kicheko kikanikauka... Kile kifungo nilikishona mimi!

Kumbe muda wote nasaka mchepuko, na mchepuko wenyewe ni foklifti. Na begi langu la kuondokea liko uvunguni, tayari nimelifunga.

Meneja akachora. Mume anachelewa, mke anafoka, mume anachelewa zaidi.

"Akiangusha tena, namwachisha kazi."

"Hapo kuna mshale umekosekana," mwalimu akasema. "Mke akishafoka, anafanya nini?"

"Hilo sikumuuliza."

Sijui nani aliniinua. Nilijikuta ubaoni, chaki mkononi, nikaandika: *anajiandikisha masomo ya jioni*.

"Wewe umejuaje?" meneja akashangaa.

Nikabeba mkoba, nikatoka mbio.

Nyumbani nilimkuta mume wangu amesimama mlangoni, anahangaika na kufuli.

"Ndiyo unafika?" nikamuuliza.

"Hapana, naondoka. Narudi kazini."

"Sasa ulikuja kufanya nini?"

"Nilikuja kukaa na wewe. Zamu ya kawaida ikiisha huwa nawahi hapa, mke wangu. Nikikuta giza, narudi ghalani kwa zamu ya ziada."

Moyo uliniuma, siwafichi. Mimi nilikimbilia darasani kwa kuogopa nyumba tupu, na yeye nyumba tupu ilimrudisha kazini.

"Leo huniulizi nilikuwa wapi?" akasema.

"Sikuulizi. Ingia, tukae."

Nyani haoni kundule, wapendwa. Kabla hujamsaka mbaya wako, utafute kwanza mshale wako kwenye mduara.

Begi nimelifungua. Na darasa nimehamia la asubuhi.