Cherehani Isiyoshona

"Mwiba, Mwiba, hapa Shina. Cherehani imefika Kalangalala. Ichukue ikiwa hai."

Sabiti Nkwabi, kachero wa serikali, alibonyeza kitufe cha redio ya upepo. "Shina, nimekupata. Na majina?"

"Yote. Kila aliyemo anakamatwa leo kabla jua halijazama. Sitaki kusikia huyu mjomba, huyu shemeji."

Sabiti alikanyaga mafuta.

Shemeji! Mkuu Donatus alilisema tu kama watu wanavyolisema. Hakujua amegusa wapi.

Land Rover iliruka shimo, ikatua, ikaendelea na mbio za Geita. Ulikuwa mwaka 1983. Wahujumu uchumi walikuwa wakizolewa nchi nzima, na ambaye jina lake lilionekana kwenye orodha hakuulizwa mara mbili.

Hiyo cherehani haikuwa cherehani. Karatasi za mpakani ndizo zilizosema hivyo: cherehani moja, imetumika. Na kweli ukiitazama ikiwa imefungwa, na mpini wake juu, ungeipelekea kitambaa. Ilikuwa Osborne 1, kompyuta ya kubeba mkononi. Mfuniko wake ndio wenye vibonye. Ina kioo cha inchi tano, matundu mawili ya diski, na chini yake mifuko miwili ya kutunzia diski. Kubebeka? Kilo kumi na moja! Anayeibeba hubadili mkono kila baada ya hatua ishirini. Tena haina betri. Pasipo umeme ni sanduku la kukalia.

Mwenye nalo alikuwa mgeni aliyejiita Krantz, aliyekuwa akitorosha almasi za mgodi wa Songwa. Mchapaji wake alikuwa Justa, Mama Eustace, karani wa mgodini, mjane wa kaka yake Sabiti.

Hapo ndipo palipokuwa pakimuuma.

Miezi saba kabla, Sabiti alikwenda kwa Justa Shinyanga, akala ugali wake na mlenda, akanawa mikono, akasema, "Shemeji, wiki mbili tu. Msikilize huyo mzungu, uniambie. Jina lako nitaliweka kwenye faili la siri la ofisi. Hakuna atakayekugusa."

Wiki mbili zikawa miezi saba. Siku moja akamwambia abebe kifurushi cha almasi, akipitishe getini, ili Krantz amwamini. Justa akabeba.

Faili halikuwepo. Kila taarifa Sabiti aliyopeleka ilisema "nimebaini mwenyewe". Alipandishwa cheo kwa taarifa hizo. Alipongezwa mbele ya watu, akatabasamu, mshenzi yule.

Saa tisa alasiri aliegesha gari Kalangalala, mtaa wa Geita, nyuma ya duka la vyerehani vya kweli, akachomoa bastola yake ya Browning. Nyumba ilikuwa ya pili. Jenereta ya Honda ilinguruma chini ya dirisha kiasi cha kuziba masikio.

Akapita jikoni.

Mlango ukafunguka kwa teke.

"Mikono juu!"

Krantz alikuwa ameketi kando ya sigiri iliyojaa majivu ya karatasi, Justa mbele ya mtambo. Alikuwa amesoma majina ya wote waliomsaidia mgodini, moja moja kutoka kwenye vijikaratasi vyake, Justa akachapa, yeye akachoma. Sasa orodha ilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya mtambo.

Hakuinua mikono. Alinyoosha mguu, akapiga plagi teke.

Kioo kikafa.

"Pole sana, rafiki," Krantz alisema kwa Kiswahili kilichonyooka, akicheka. "Kumbukumbu ya kitu hiki inaishi kwa umeme. Umeme umekwenda, majina yamekwenda. Sikuwa nimeyahifadhi. Mimi huhifadhi mwisho wa kazi."

Sabiti alimpiga ngwala, akamlaza kifudifudi, akamfunga pingu kwenye nondo ya dirisha. Alifanya yote hayo bila kuhema. Ila moyoni, Mungu amsamehe, alikuwa anashangilia. Majina yamekwenda! Hakuna orodha, hakuna Justa, hakuna wa kumuuliza kuhusu faili.

"Mawe yako kwenye mifuko ya diski," Justa alisema.

Sabiti akaingiza vidole. Vifurushi vinne.

"Umefanya kazi kubwa, shemeji. Orodha ndiyo basi tena. Twende."

"Basi tena kwa nini?" Justa alirudisha plagi ukutani. "Huyu anatoka nchi ambayo umeme haukatiki. Mimi nimekulia Shinyanga. Kila jina alilolitaja nililihifadhi papo hapo kwenye diski ya kulia. Jenereta inapiga kelele, hakusikia ikizunguka."

Krantz aliacha kucheka.

Mtambo ukakoroma. Kioo kikawaka. Sabiti aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa, maana herufi zilikuwa ndogo mno. Mpima madini. Mlinzi wa geti la pili. Dereva. Kumi. Kumi na tano.

Kumi na saba: Justa, karani, amebeba mara moja.

"Lilikuwa la mwisho," Sabiti alisema. "Ungeliacha lipotee. Kwa nini ulilihifadhi?"

Justa alimtazama kama mtu anayeulizwa swali la kitoto. "Si niko kwenye faili? Ningeogopa nini?"

Lo!

Angempiga kofi, ingekuwa nafuu.

"Mstari mmoja unafutwaje?" aliuliza taratibu.

"Vibonye viwili. Na mtambo hauandiki saa wala tarehe ya kufuta, hakuna atakayejua." Akamgeukia. "Kwa nini tufute, shemeji?"

Sabiti akaweka bastola mezani.

"Hakuna faili, Mama Eustace. Halikuwahi kuwepo. Nilitaka sifa ziwe zangu peke yangu."

Justa hakulia, wala hakutukana. Alivuta kanga yake mabegani, akaondoka kwenye kiti.

"Ulikula kwangu," alisema. "Sifuti. Nikijifuta nitakuwa mwizi aliyejificha. Nilibeba kwa neno lako, na neno lako lisemwe."

Sabiti alinakili majina, akaenda kwenye gari, akavuta kipaza sauti mpaka waya ukakaza.

"Shina, hapa Mwiba. Mtu amekamatwa, mawe yamepatikana, orodha iko hai. Wakamateni hawa kumi na sita." Akawasoma mmoja mmoja. " Wa kumi na saba ni mtoa habari wangu tangu siku ya kwanza. Kila nilichowaletea ni chake. Nilimficha ili nisifiwe mimi."

"Unajua unachokisema, Mwiba?"

"Najua, mkuu."

"Kiandike. Kisha kitambulisho na bastola mezani kwangu kesho asubuhi."

"Sawa, mkuu."

Alirudi ndani. "Mkuu anataka iandikwe. Nisaidie kuchapa, shemeji."

"Vibonye hivyo hapo."

Akaketi. Alichapa kwa kidole kimoja, jasho likimtiririka, akitafuta kila herufi. Ilimchukua nusu saa kuandika mistari minne, na jina lake mwenyewe chini.

Alipotaka kuzima, mkono wa Justa ulitua juu ya swichi.

"Hifadhi kwanza," alisema.

Diski ikazunguka. Sabiti akafunga mfuniko, akashika mpini, akatoka juani na kilo zake kumi na moja. Hakubadili mkono hata mara moja.