Fundi Aliyemwambia Mama Asizime Kompyuta

"Mama, kata hiyo simu! KATA!"

Jamani, naandika kwa hasira. Someni mpaka mwisho.

Nimeingia studio ya mama, anapopiga na kusafisha picha, nakuta kioo cha kompyuta chekundu chote. King'ora kinalia. VIRUSI VIMEINGIA! USIZIME! PIGA NAMBA HII!

Mama simu sikioni, jasho linamtoka. Mshale kwenye kioo unatembea wenyewe...

"Nyamaza, mwanangu. Naongea na fundi wa kampuni. Ameshaingia kwenye mashine. Anasema nikizima tu, picha za baba yako zinafutika zote."

Picha za marehemu baba ziko humo tu.

"Fundi gani huyo, mama? Nani kamwita?"

"Kasema nisizime. Na mimi siku zote nasemaje humu ndani?"

Hapo ndipo walipompatia! Studio ina sheria moja: kompyuta haizimwi kazi ikiwa haijahifadhiwa. Umeme ulishawahi kukatika ukaondoka na picha za harusi nzima. Sasa tapeli anamwambia maneno yake mwenyewe, ataachaje kumwamini?

Mshale ukafungua ukurasa wa benki.

"Anataka niweke neno la siri, ahakikishe wezi hawajaingia."

Wezi! Mwizi ndiye anayesema!

Nikachomoa waya wa intaneti. Nikashikilia kitufe mpaka mashine ikazima.

Mama akapiga yowe. "Umemuua baba yako mara ya pili!"

Hilo neno liliniuma, sifichi.

Nikawasha, waya ukiwa nje. Kivinjari kikauliza kama kirudishe kurasa zilizokuwa wazi. Nikakataa. Wekundu hakuna! Nikaisaka programu waliyompakulisha, nikaifuta. Nikafungua folda...

Baba huyo hapo, anacheka na shati lake la mistari.

Mama akakaa chini, akalia. Kumbe lile tangazo ni ukurasa tu wa mtandaoni. Kelele tupu!

Simu ikaita. Namba ile ile. Nikapokea mimi, kimya.

"Mama, ni fundi wako. Mbona umezima? Usiogope, niko hapa kukusaidia..."

Sauti hiyo huniambia "lala salama" kila siku. MCHUMBA WANGU! Anayesema yuko huduma kwa wateja! Kila nikimwambia aje ajitambulishe kwa mama, yuko bize kazini!

"Pole na kazi, mpenzi."

Akaitambua sauti yangu.

"Mpenzi... sikujua kama ni mama yako! Naapa!"

"Angekuwa mama wa mwenzangu ingekuwa sawa?!"

Kisha nikatazama kioo. Picha ambayo mama, kwa furaha yake, aliiweka iwe ya kwanza kuonekana kompyuta ikiwaka: yule bwana ananivisha pete, meno yote nje. Ukiingia kwenye mashine ile, huwezi kuikwepa.

"Ulituona," nikamwambia. "Ukaendelea."

Akakata.

Wapendwa, hakuna kampuni ya kweli inayokupigia king'ora kwenye kioo ikupe na namba. Usipige, usipakue chochote. Funga kivinjari, kikigoma zima mashine. Kama ulishawaruhusu kuingia, kata intaneti, futa programu yao, pitisha programu ya kinga ya virusi, na maneno ya siri yabadilishe kwa kifaa kingine. Benki nayo uiambie.

Na wewe "fundi", najua unasoma. Pete yako iko studio, mezani kwa mama.

Njoo ujitambulishe.