Aliyechelewa Kupewa Jina

Siku ya kwanza Hester Thwaite alidhani amejisahihisha mwenyewe. Alikuwa ameketi kando ya kitanda cha binti yake, kitabu kizito kimemlalia mapajani, akisoma kwa sauti kama alivyofanya kila siku saa kumi alasiri tangu mazishi. Alifika kwenye jina la mfalme mmoja, akalitamka Orvelin, akiivuta silabi ya katikati.

"Órvelin, Mama. Mkazo uko mwanzoni."

Sauti ilitoka upande wa mto wa kulalia. Hester alilirudia jina kama alivyoelekezwa, akasoma hadi mwisho wa aya, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba kitandani hapakuwa na mtu.

Bryony alikuwa amekufa mwezi wa tisa kwa saratani ya damu, akiwa na miaka kumi na tisa. Tangu utotoni aliipenda nchi moja isiyokuwepo duniani, nchi ya Halvarin, iliyobuniwa na mwalimu mmoja mstaafu katika riwaya tatu. Watu wengi huzisoma riwaya hizo kisha huendelea na maisha yao. Bryony hakuendelea. Alibandika ramani ya Halvarin ukutani, akajifunza lugha yake, akabishana mtandaoni na wazee wa Ujerumani kuhusu koo za wafalme wake. Alipolazwa nyumbani aliomba kitabu cha mwisho cha mwandishi yule, ambacho hakikuwa riwaya. Kilikuwa na visasili vya nchi ile: jinsi ilivyoumbwa, miungu yake, mizimu yake, vita vya kabla ya hadithi kuanza. Macho yake yalipochoka, mama yake akawa anamsomea. Alifariki zikiwa zimebaki sura kumi na moja.

"Nitazimaliza," Hester alimwambia mumewe. "Nilimwahidi."

Alwyn Thwaite alikuwa fundi wa kuta za mawe kwenye malisho ya kondoo juu ya kijiji, huko Yorkshire. Hakuwa mtu wa vitabu. Jioni akirudi, matope hadi magotini, aliuliza tu, "Haya, wafalme wako wameshamaliza kuchinjana?"

"Bado. Leo wamechinja mpaka farasi."

"Hao hawana kazi ya kufanya."

Huo ulikuwa ndio mzaha pekee uliobaki ndani ya nyumba ile. Kisha ukakoma, kwa sababu Hester aliacha kushuka kunywa chai.

Alwyn alipanda ngazi kumwita, akasikia watu wawili wakizungumza. Alisimama nje ya mlango ameshika kitasa. Harufu ya mshumaa uliozimwa punde ilipita chini ya mlango, na katika nyumba ile hapakuwa na mshumaa. Mkewe alikuwa akicheka. Aliyemjibu alicheka vilevile, kwa kile kicheko cha Bryony kilichoishia na kikohozi kidogo. Alwyn aliteremka kinyumenyume, akatoka nje bila koti, akakaa ndani ya gari hadi vioo vikafunikwa na ukungu wa pumzi zake.

"Ulikuwa unaongea na nani?" alimuuliza baadaye jikoni, kwa sauti ya chini.

Hester hakuficha. Uso wake uling'aa kama wa bibi harusi. "Amerudi, Alwyn. Ananisaidia majina. Njoo umsikilize."

"Sitaingia mle."

"Ni mwanao!"

"Nililibeba jeneza lake begani, mpenzi. Najua mwanangu yuko wapi."

Kutoka siku hiyo, kila ilipofika saa kumi, Alwyn aliwasha redio jikoni kwa sauti kubwa ili asisikie cha juu.

Jumapili moja, katika kumtuliza, alimkumbusha safari yao ya pwani ya Whitby, Bryony akiwa na miaka sita, shakwe alipomnyang'anya samaki wake wa kukaanga na yeye akamkimbiza hadi majini na viatu vyake. Walikuwa wameisimulia hadithi hiyo mara mia. Hester alimtazama kwa upole, kama mtu anayesikiliza habari za jirani.

"Lini hiyo?" aliuliza.

Alwyn alijaribu nyingine: baiskeli nyekundu, jino lililomezwa pamoja na keki, tamthilia ya shule. Hester alitikisa kichwa kwa kila moja. Mwishoni alisema, "Ameniomba nimsimulie mambo yake, yeye hakumbuki vizuri. Nikishamsimulia, nami naona kama yananitoka. Lakini si kitu. Anayo yeye."

Alwyn alichukua koti, akaenda kwa kasisi.

Mchungaji Muriel Garside ndiye aliyemzika Bryony. Alikuwa mama mnene mwenye sauti nzito, aliyefuga kuku nyuma ya kanisa. Alimsikiliza Alwyn bila kumkatiza, kisha akasema, "Kilete hicho kitabu."

"Ni hadithi tu, Mchungaji. Mtu aliketi akazitunga."

"Kilete tu."

Alwyn alikiiba asubuhi Hester alipokuwa kazini, kwenye jiko la shule. Pembezoni mwa kurasa mlijaa maandishi ya Bryony kwa penseli ya kijani. Mchungaji alipekua hadi akapata alichokitafuta, akasoma taratibu. Asubuhi ya kwanza ya Halvarin, miungu saba waliviita viumbe vyote kimoja kimoja, kila kimoja kikapewa jina, na sauti ya kuitikia jina hilo. Kiumbe kimoja kilichelewa. Kilipofika, majina yalikuwa yamekwisha na miungu wamekwenda. Tangu hapo huzunguka kwenye nyumba za msiba, mahali ambapo jina limeachwa na mwenyewe lakini bado linaitwa. Hulivaa jina hilo kama koti. Kisha huomba kumbukumbu, moja moja, mpaka koti likae sawasawa mwilini.

Kando ya aya hiyo Bryony alikuwa ameandika kwa kijani: *Maskini huyu. Namwonea huruma kuliko wote.*

Alwyn aligeukia dirishani.

"Hutokaje?" aliuliza.

"Hapa panasema hakiwezi kukaa mahali ambapo mwenye msiba amekiambia waziwazi kuwa mwenye jina amekufa." Mchungaji alifunga kitabu. "Alwyn, mkeo amewahi kulitamka neno hilo?"

Alwyn alifikiri. Ametuacha, Hester alisema. Amepumzika. Tumempoteza.

"Hajawahi," alisema.

"Mimi nitaomba, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini aliyekiita ni yeye. Atakayekitoa ni yeye."

Waliingia chumbani wote watatu alasiri ya siku ileile, kitabu kikiwa mkononi mwa Mchungaji, theluji nyepesi ikianza kuanguka kwenye malisho. Hester alikuwa amelia, amekasirika, amewaita wezi, na mwisho amekubali kulitamka neno lile kwa sababu Alwyn alipiga magoti mbele yake kwenye zulia na kumwuliza siku aliyozaliwa Bryony kulikuwa na hali gani ya hewa, na yeye akafungua mdomo asipate la kusema. Kumbukumbu zilizombakia zilikuwa chache sana.

Blanketi la kitandani lilikuwa limebonyea katikati kama mtu amelala chini yake, ingawa hapakuwa na mtu. Harufu ya mshumaa uliozimwa ilijaa chumba kizima.

"Mama," sauti ilisema, "mbona umekuja na watu?"

Mchungaji alianza sala. Alwyn aliziba masikio kwa viganja vyote viwili, akakaza macho kwenye ramani ya ukutani.

"Mama, nasikia baridi. Nisomee. Zimebaki kurasa chache."

"Hester," Mchungaji alinong'ona. "Sema sasa."

"Mama, usiseme," sauti ililia, na sasa ilikuwa ya mtoto wa miaka minne aliyeamshwa na ndoto mbaya, kisha ya miaka tisa, kisha ile nyembamba ya wiki ya mwisho iliyokuwa ikiomba maji kwa kijiko, na zote zikaja kwa pamoja, zikizunguka kitanda, zikimshika Hester sketi, zikimwita kwa kila namna aliyowahi kuitwa na mwanawe, ramani ikipepea ukutani ingawa dirisha lilikuwa limefungwa, kitabu kikijifungua chenyewe na kurasa zikikimbia kuelekea mwisho kama zinafukuzwa, hadi Hester akaona kwamba akichelewa pumzi moja zaidi atapanda kitandani na kulala pale pamoja na kiumbe kile, na hatashuka tena.

Alishika ubao wa kitanda.

"Bryony amekufa," alisema. "Mtoto wangu amekufa. Nilimshika mkono mpaka ukapoa. Wewe si yeye."

Kurasa zilitulia. Kisha kutoka kitandani kulitoka swali, dogo, lisilo na hila.

"Basi mimi nitaitwa nani?"

Machozi yalimdondoka Hester kidevuni. Blanketi lilijaa hewa, likanyooka taratibu, na mlango wa mbele huko chini ukafunguka na kujifunga kwa adabu, kama mgeni anayeondoka asitake kuamsha watu.

Kumbukumbu zilirudi nyingi, si zote. Whitby ilirudi. Siku ya kuzaliwa ilirudi, na mvua yake ya mawe. Hester alirejea kunywa chai chini, akaanza hata kula.

Wiki tatu baadaye Alwyn alikuwa juu ya malisho akirekebisha ukuta ulioangushwa na theluji. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali juu ya weupe, hakuna mtu. Upepo ukageuka, na kutoka upande wa pili wa bonde, penye nyumba ya wakulima waliomzika binti yao siku chache zilizopita, akasikia sauti ya Bryony ikiita, wazi kabisa, bila kukosea hata pumzi moja: "Mama? Mama, uko?"

Jiwe lilimponyoka. Alikaa chini kwenye theluji, akajifunika uso kwa glavu zake, akabaki hivyo mpaka upepo ukageuka tena. Kisha akashuka moja kwa moja hadi kwa Mchungaji Garside, na yule mama akachukua funguo za gari aende ng'ambo ya bonde kabla hata Alwyn hajamaliza kueleza.

Alwyn aliporudi nyumbani, Hester alikuwa mezani, mikono imekumbatia kikombe.

"Alwyn," alisema, bila kuinua macho. "Nakumbuka uso wake. Nakumbuka maneno yake. Lakini sauti siipati. Nimejaribu tangu asubuhi. Wewe unaikumbuka?"

Alwyn alivua kofia. Theluji ilikuwa ikiyeyuka mabegani mwake.

"Naikumbuka," alisema.

"Ilikuwaje?"

Alivuta kiti, akaketi karibu naye. Alikuwa na sauti ya fundi, nzito, iliyokwaruzwa na vumbi la mawe miaka thelathini. Aliipandisha juu kadiri alivyoweza, ikapasuka, akajaribu tena.

"Mama," alisema. "Mama, uko?"

Hester alifumba macho.

"Tena," alisema.