Karti Niliyomtumia Mama

Nina miaka thelathini na tisa. Ni mshonaji hapa mjini, mtaa wa Kamalondo, nyumbani kwangu ni mtaa wa Hewa Bora, nina mume mpole na watoto wanne. Ninyi mnaosoma, mkiona nimeandika kwa hasira, mnisamehe... au msinisamehe, yote sawa. Hasira hii siiachi!

Kazi yangu ni simu. Wateja wananitumia picha za mitindo, ninawajibu, na mega za intaneti zinakwisha kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Forfe, kile kifurushi cha mwezi, haimalizi hata wiki mbili.

Basi nikamlilia Fiston. Huyu ni mtoto wa marehemu mama mdogo. Mama yangu ndiye aliyemlea kijijini kwetu, upande wa Kabongo, na tulikula naye sahani moja. Siku hizi ana ukurasa kwenye intaneti unaolinganisha forfe za kampuni zote za simu: bei, mega, dakika, na rezo, yaani mtandao wa simu, inafika wapi. Nilijivunia! Hata wateja niliwaambia, "Mudogo wangu njo anafanya ile kintu," yaani ni yeye anayeifanya kazi hiyo. Nani atakataa kwamba ni jambo la faida? Mtu azunguke kuuliza duka kwa duka mpaka lini?

Kwenye ukurasa wake kampuni moja ilikuwa na nyota tano. Mbele ya maneno "vijiji vya kaskazini", ndiko kwetu, aliweka alama ya kijani.

"Yaya, badilisha," akaniambia mimi dada yake mkubwa. "Na mama umutumie karti yake. Mutaongea bule kila siku!"

Bure! Neno hilo limewaponza wangapi? Nikachukua karti mbili kwake, laini mpya za simu. Simu yangu inaingia karti moja tu, basi Fiston akatoa ile ya zamani, iliyokuwa na namba zote za kijijini, akaivunja kwa vidole huku anacheka. Ya pili nilimpa Mama Régine, anayetuletea karanga kutoka kwetu, aende kumwekea mama kwenye simu. Nikamwagiza mama aitupe ya zamani. Mimi mwenyewe, kwa kinywa changu hiki!

Kwetu rezo haipatikani chini. Lazima upande kichuguu kikubwa kilicho nyuma ya kanisa. Kila siku ya yenga, yaani Jumapili, misa ikiisha, mama alikuwa anapanda, ananipigia, ananibariki mimi na watoto. Hakukosa.

Yenga ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Nikipiga, hapatikani. Mama Régine naye alikuwa bado anazunguka vijijini kununua karanga. Nikamuuliza Fiston.

"Banatengeneza antene, yaya. Ngoja kidogo."

Nikangoja... Mjinga mimi! Nilingoja nikishona nguo za harusi za watu.

Mama Régine ndiye aliyerudi na habari. Aliingia kwenye atelie yangu ya kushonea bila mzigo, akaketi chini sakafuni. Nikajua. Homa kali ilimshika mama, majirani wakapiga namba yangu ya zamani mpaka wakachoka. Wakamzika bila mimi, mtoto wake wa kwanza. Jamani, bila mimi!

Kwenye matanga Fiston alilia kuliko wote. Nikamkamata shati mbele ya wajomba. Nikamuuliza: wewe uliyekulia pale, hukujua kwamba ile rezo haifiki?

Akatazama chini. "Nilijua, yaya. Lakini ile kampuni njo inanilipa kwa kila karti. Nilizania bataweka antene..."

Nilimfukuza palepale. Wajomba wanasema nisamehe, damu ni damu. Damu gani? Na mama yangu alikuwa damu ya nani?

Baada ya matanga nilipekua mwenyewe. Kumbe kuna kurasa nyingine za kulinganisha, na mmoja una ramani. Nikatafuta kwetu: kampuni yangu ya zamani ipo, ile ya nyota tano hakuna kitu. Iliandikwa wazi, kila mtu aone... Siku hiyo nililia kupita siku ya habari.

Sisemi mzitupe kurasa hizi. Zinasaidia! Lakini ndugu zangu, nawasihi, msisome mmoja tu. Ulizeni anayeuandika analipwa na nani. Muulizeni mtu anayeishi kule anakoishi mzazi wenu. Na karti ya zamani msiivunje kabla mpya haijaita.

Mama Régine aliniambia na jambo jingine, ninaliweka hapa liwaume na ninyi. Majirani walimwambia mama kwamba ile karti haiwezi kushika pale. Walitaka kumwazima simu yao. Akakataa.

"Mutoto wangu iko na akili," akawaambia. "Kama alisema itaingia, itaingia."

Na kila yenga aliendelea kupanda kichuguu na simu mkononi, mpaka yenga ile ambayo hakuweza kuinuka kitandani.